Boganvilia katika Kopo la Mafuta

Hotuba ya walimu wa shule ya kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Sisi walimu tumeombwa kueleza habari za makopo yenye maua yaliyo mbele ya madarasa. Wengi wetu tuliingia Rwanda kwa miguu kupitia Petite Barrière, pale Gisenyi. Kabla mpaka haujafungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka pale kila siku, wengi wao akina mama wenye mabeseni kichwani. Siku yetu ya kuvuka tulibeba watoto na magodoro, hatukubeba maua. Ndiyo maana wazee walituuliza: maua hayapikwi kama lengalenga, yatatufaa nini? Mzee mmoja akasema neno zito zaidi, kwamba anayepanda ua amekwisha kubali kuwa hapa ndipo kwao.

Mzee wetu, boganvilia nayo si mwenyeji. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikuta Brazil mwaka 1767, akiwa safarini na nahodha Mfaransa Bougainville, na jina la nahodha ndilo ilo nalo hadi leo. Goma inaning'inia kwenye kuta, Gisenyi vilevile. Sisi tumeipanda katika kopo, si katika ardhi ya mtu, na siku ya kuondoka kopo linabebeka.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa maji, na ulikuwa wa haki. Mama aliyepanga foleni kwa bidoni moja hawezi kuona maji yakimwagwa kwenye ua akanyamaza. Basi isikieni vizuri: boganvilia haitaki maji mengi. Ingiza kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, usimwagilie. Yale maji uliyosuuzia mboga yanaitosha. Inayonyweshwa kila siku hugeuka manjano, huoza mizizi, au hutoa majani tu bila ua hata moja. Waridi lingetugombanisha zaidi, ndiyo sababu hatukulileta.

Kopo la mafuta ya mgao linafaa. Litoboe chini kwa msumari, matundu sita au zaidi. Wengine hutandika mawe chini wakidhani maji yatapita upesi. Heri kuchanganya kila kitu pamoja: udongo sehemu mbili, changarawe nyepesi za volkano sehemu moja, samadi iliyokwisha oza sehemu moja. Changarawe hizo Nyiragongo imetugawia bila kuombwa, mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021.

Kata kipande cha tawi lililokomaa, unene wa kalamu ya risasi, urefu wa sentimeta 15 hadi 20. Ondoa majani ya chini, chomeka kivulini, usikitikise. Mizizi huchukua wiki 6 hadi 10, na hapo ndipo watoto wanapokichomoa ili kutazama! Ukihamisha, hamisha na udongo wake wote, maana mizizi yake hukatika upesi. Kisha weka juani, saa 6 kwa siku zikipatikana. Usihofu mizizi ikibanana. Ikibanwa kiasi ndipo inapochanua vizuri. Baada ya kuchanua, punguza matawi, kwa sababu ua hutoka kwenye chipukizi jipya. Ina miiba, isikae njiani pa watoto.

Wanafunzi wetu wanajua kwamba yale mekundu si maua bali ni majani yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati.

Kuna vijana wanaotaka kuuza miche kwa wapitao kwenda Petite Barrière. Kuuza upande huu ni vizuri. Kuvusha ni jambo jingine: mmea hai kwa kawaida hudaiwa cheti cha afya ya mimea, na udongo ndio unaoogopwa zaidi, kwa kuwa ugonjwa wa mnyauko wa viazi hukaa humo. Hata sisi tutakaorudi na makopo yetu tuulize maofisa wa kilimo mapema, tusingoje kuulizwa mpakani.

Vipande vimelowekwa nyuma ya darasa la nne. Kila nyumba ichukue viwili, na ije na kopo lililokwisha tobolewa. Msumari na nyundo viko kwa mlinzi.