Famasi Inapofungwa Mtaani: Nani Analinda Dawa za Mgonjwa?

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ya jamii, wakalimani na viongozi wa jumuiya zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani

1. Utangulizi



Mwanzoni mwa Oktoba 2025 kampuni ya famasi ya Rite Aid ilifunga maduka yake ya mwisho. Ilianzia Scranton, Pennsylvania, mwaka 1962, na kufikia mwaka 2008 ilikuwa na maduka karibu 5,000. Leo haina hata moja. CVS nayo ilitangaza mwishoni mwa 2021 kwamba ingefunga maduka 900 katika miaka mitatu, kisha mwaka 2025 ikapanga kufunga mengine 271. Walgreens, iliyozaliwa Chicago mwaka 1901, ilitangaza Oktoba 2024 kwamba ingefunga 1,200 katika miaka mitatu. Agosti 2025 ikanunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Sycamore Partners na kuondoka kwenye soko la hisa.

Habari hizi husomwa katika kurasa za biashara. Sisi tunakutana nazo kwa mgonjwa wa kisukari anayefika kuchukua insulini na kukuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa kwenye kioo, kwa Kiingereza, ikimwelekeza aende tawi jingine. Kwa mwenye gari hilo ni usumbufu wa siku moja. Kwa mzee asiyeendesha, asiyesoma Kiingereza, na aliyezoea mfamasia mmoja aliyemfahamu kwa jina, hapo ndipo matibabu yanapokatika.

Hoja ya mada hii ni moja. Kufungwa kwa famasi ni tukio la afya ya jamii, na linapaswa kushughulikiwa kama tunavyoshughulikia kufungwa kwa zahanati: kwa taarifa ya mapema, kwa mpango wa kumhamisha kila mgonjwa, na kwa mtu wa kuwajibika mpango huo usipotekelezwa. Mpaka sheria zifike hapo, jumuiya zetu zina kazi ya kufanya.

2. Kwa nini maduka yanafungwa

Sababu kubwa imo katika namna famasi inavyolipwa. Mgonjwa anapotoa kadi ya bima, kompyuta ya famasi hutuma dai, na katika sekunde chache jibu hurudi: mgonjwa achangie kiasi gani na famasi italipwa kiasi gani. Jibu hilo hutoka kwa kampuni ya kati inayosimamia mafao ya dawa kwa niaba ya bima. Famasi imekwisha kuinunua dawa ile kwa muuzaji wa jumla. Malipo yakiwa chini ya bei ya kununulia, kila chupa inayotoka dirishani ni hasara.

Kampuni hizo za kati ni chache mno. Ripoti ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ya Julai 2024 ilionyesha kuwa tatu kubwa, yaani CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, zilishughulikia karibu asilimia 80 ya dawa zilizotolewa kwa vyeti vya daktari mwaka 2023. Caremark imo ndani ya kampuni mama ile ile ya CVS tangu 2007. Express Scripts ni ya Cigna, na Optum Rx ni ya UnitedHealth. Anayepanga malipo ya famasi ya mtaani anaweza kuwa ndugu wa mshindani wake. Famasi za watu binafsi, ambazo hazina uzito wa kujadiliana, ndizo zinazobanwa zaidi. Aprili 2025 jimbo la Arkansas lilipitisha sheria ya kuzikataza kampuni za kati kumiliki famasi, lakini Julai mwaka huo jaji wa mahakama ya shirikisho akaizuia. Mvutano huo kati ya famasi na kampuni za kati ndio kiini cha suala zima.

Sababu ya pili ni madeni. Rite Aid ilikua kwa kununua wenzake: Thrifty PayLess mwaka 1996, kisha maduka ya Brooks na Eckerd mwaka 2007. Ilijaribu kuuzwa kwa Walgreens kuanzia 2015, mpango ukavunjika mwaka 2017, na badala yake ikauza maduka 1,932. Mwaka 2020 ilinunua Bartell Drugs ya Seattle, iliyoanza mwaka 1890. Oktoba 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, ikatoka mwaka uliofuata, na Mei 2025 ikarudi tena, mara hii bila kuinuka. Wakazi wa Seattle wakapoteza maduka ya jina lililodumu miaka 135. Watu waliokuwa wakichukua dawa pale hawakuwa na sauti katika uamuzi wowote kati ya hiyo.

Sababu ya tatu inayotajwa ni kesi za dawa za maumivu za jamii ya opioidi. Mwaka 2022 CVS ilikubali kulipa takriban dola bilioni 5 na Walgreens takriban bilioni 5.7, kwa miaka mingi, kumaliza madai kwamba zilitoa dawa hizo bila uangalifu. Fedha hizo ni haki ya familia na miji iliyoumia. Wala tusikubali kuambiwa kwamba haki hiyo ndiyo iliyoua maduka.

Wizi nao hutajwa sana, na upo. Lakini Januari 2023 mkuu wa fedha wa Walgreens mwenyewe alikiri mbele ya wawekezaji kwamba huenda kampuni ilikuwa imelilalamikia jambo hilo kupita kiasi. Tuwe waangalifu basi tunaposikia mtaa fulani ukilaumiwa kwa kupoteza famasi yake.

3. Maduka yanayobaki na sura yao mpya

Si kila duka linafungwa. Mengine hubomolewa ndani na kupangwa upya. Mwaka 2023 Walgreens ilifungua upya duka lake la Roosevelt Road, katikati ya Chicago, likiwa na safu mbili tu za rafu zinazofikiwa na mteja. Bidhaa nyingine huagizwa kwenye skrini na kuletwa na mfanyakazi kutoka nyuma. Kwingineko sabuni, dawa ya meno na maziwa ya watoto yamewekwa nyuma ya vioo vyenye kufuli, na mteja hubonyeza kengele akingoja mwenye ufunguo. CVS nayo imeanza kufungua maduka madogo yenye famasi pekee na rafu chache za dawa zisizohitaji cheti.

Duka dogo si baya kwa sababu ya udogo wake. Likiwa na mfamasia mwenye muda wa kuzungumza, linaweza kumfaa mgonjwa kuliko ukumbi mkubwa uliojaa kadi za salamu na peremende. Kipimo chetu kiwe dirisha la ushauri: je, yupo mtu aliyesomea kazi hiyo, na ana nafasi ya kukueleza kwamba dawa hii hainywewi pamoja na ile? Septemba 2023 wafamasia wa CVS katika eneo la Kansas City waligoma kufika kazini, na mwezi uliofuata wenzao wa Walgreens katika miji kadhaa wakafanya hivyo hivyo. Walilalamikia uchache wa wafanyakazi na mzigo wa vyeti, simu na chanjo uliokuwa ukihatarisha wagonjwa. Famasi moja inapofungwa, wagonjwa wake huongezwa kwenye dirisha la famasi ya pili, ambalo tayari lina foleni. Kufungwa kwa tawi hili na kuzidiwa kwa tawi lile ni jambo moja.

Tatizo la kufuli ni la aina nyingine. Mama asiyejiamini kwa Kiingereza hatabonyeza kengele amwombe mgeni amfungulie kabati la vipimo vya ujauzito au dawa ya fangasi. Ataondoka bila kitu. Wanaopanga maduka hawaoni hasara hiyo, kwa sababu haimo katika hesabu zao.

4. Nani anaumia

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Health Affairs mwishoni mwa 2024 ulikuta kwamba kati ya famasi zilizokuwa zikifanya kazi kati ya 2010 na 2020, karibu 3 katika kila 10 zilikuwa zimefungwa kufikia 2021. Hatari ilikuwa kubwa zaidi katika mitaa yenye Waamerika Weusi na Walatino wengi, na kwa famasi za watu binafsi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019 katika JAMA Network Open, uliwafuatilia watu wa miaka 50 na zaidi wanaotumia dawa za kupunguza kolesteroli. Wale ambao famasi yao ilifungwa walipunguza kuzimeza katika miezi mitatu ya mwanzo, na pengo hilo lilikuwa bado lipo mwaka mmoja baadaye.

Tazameni Roxbury, mtaa wa Boston wenye wakazi wengi Weusi. Walgreens ya Warren Street ilifungwa mwishoni mwa Januari 2024, baada ya matawi mengine ya mitaa kama hiyo mjini humo kufungwa kabla yake. Wakazi waliandamana, na mbunge Ayanna Pressley akalipeleka suala hilo katika Bunge la Marekani. Duka likafungwa hata hivyo. Sauti zilipazwa, lakini hapakuwa na kanuni yenye nguvu ya kuilazimu kampuni kungoja.

Kwa watu wetu kuna mzigo wa ziada, nao ni lugha. Familia nyingi zilizotoka Kongo na Burundi kupitia kambi za Tanzania, Kenya na Uganda zimepangiwa makazi katika miji ambayo usafiri wa basi ni haba. Mgonjwa amehangaika miezi mingi mpaka famasi moja ikajua kwamba anahitaji mkalimani kwa simu. Akihamishwa, huenda maelezo hayo yasihame naye, na anaanza upya.

5. Kinachotokea faili linapohama

Kampuni inayofunga kwa kawaida huuza mafaili ya wagonjwa. Rite Aid ilipokuwa ikimalizika, CVS ilichukua mafaili ya famasi zaidi ya 600, pamoja na maduka zaidi ya 60 yaliyokuwa katika majimbo ya Idaho, Oregon na Washington. Kwa hiyo dawa zako zinaweza kuhamia kampuni ambayo hukuichagua.

Chukueni chupa ya dawa ya mgonjwa na muisome pamoja naye. Lebo ina jina la dawa na nguvu yake, namba ya cheti, jina la daktari, simu ya famasi, na idadi ya mara zilizobaki za kuongezewa dawa. Hiyo idadi ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Ikisoma sifuri, hakuna dawa iliyobaki ya kuhamisha, na daktari lazima aandike cheti kipya. Kisha ulizeni mambo matatu. Je, famasi mpya imo katika mtandao wa bima yake? Isipokuwamo, bei inaweza kupanda ghafla. Je, mpango wa kuongezewa dawa bila kuomba umehamishwa? Na dawa zinazodhibitiwa, kama za maumivu makali au usingizi, zitashughulikiwaje? Kanuni zake ni kali zaidi, na daktari apigiwe simu mapema.

Mgonjwa ana haki ya kuchagua. Halazimiki kwenda faili lilikouzwa. Anaweza kwenda famasi yoyote inayopokea bima yake, aonyeshe chupa, na kuomba wao wenyewe wahamishe vyeti. Dawa za posta zinasaidia wengi, lakini insulini inayotakiwa kukaa kwenye baridi haifai kuachwa kibarazani mwa jengo la ghorofa mchana kutwa.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila jumuiya iwe na orodha ya wazee na wagonjwa wa muda mrefu waliokubali kwa hiari kuwekwa humo, pamoja na famasi wanayotumia. Tangazo la kufunga likitoka, wapigiwe simu siku hiyo hiyo.

Pili, tudai ukalimani. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 kinazitaka famasi zinazopokea fedha za serikali kuu, zikiwemo za Medicare na Medicaid, kutoa mkalimani bila malipo. Mtoto wa shule asifanywe mkalimani wa dawa za bibi yake.

Tatu, tufike kwenye vikao vya halmashauri za miji na bodi za famasi za majimbo. Tuombe muda maalumu wa taarifa kabla ya kufunga, tangazo katika lugha za wakazi, na mpango ulioandikwa wa kila mgonjwa.

Nne, tuziunge mkono famasi za watu binafsi zilizobaki mitaani, na vituo vya afya vya jamii vyenye famasi ndani yake. Pale mgonjwa anapoona daktari na kuchukua dawa chini ya paa moja, kufungwa kwa tawi la kampuni hakumwachi mikono mitupu.

Tano, tuwaambie wabunge wetu wazi kwamba kampuni za kati zinazopanga malipo ya dawa zinapaswa kuilipa famasi angalau kile ilichonunulia dawa, pamoja na jasho la mfamasia.

7. Hitimisho

Ndugu washiriki, kampuni ina haki ya kuhesabu faida yake. Lakini ilipopewa leseni ya kutoa dawa ilibeba pia wajibu kwa mgonjwa, na wajibu huo hauishi siku kodi ya jengo inapokwisha. Kabla hamjaondoka hapa leo, kila mmoja wenu aandike majina ya watu watano wanaomtegemea na famasi wanazotumia. Wiki hii wapigieni simu. Waulizeni wamebakiwa na dawa za siku ngapi.