Posta Baada ya Barua: Kipande cha Njia Kinachobaki



Mwishoni mwa Desemba 2025 shirika la PostNord lilisitisha ugawaji wa barua nchini Denmark, kazi ya posta iliyoanza huko mwaka 1624. Tangu mwaka 2000 barua zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na sasa shirika hilo limejikita kwenye vifurushi. Wapo wanaosema hiyo ndiyo ramani yetu Tanzania. Sikubaliani nao. Denmark ilikuwa na tarishi aliyefika kila mlango. Sisi hatujawahi kuwa naye.

Posta yetu ilijengwa juu ya sanduku. Shirika la Posta Tanzania lilipoanza kazi Januari 1994, baada ya Posta na Simu kutenganishwa, lilirithi utaratibu wa kikoloni wa masanduku ya mjini yaliyokodiwa na maofisi, misheni na wafanyabiashara. Mwanakijiji aliandikiwa kupitia sanduku la shule au la parokia. Barua ingeweza kukaa wiki kadhaa mezani kwa mwalimu mkuu, na kwa hesabu za posta ilikuwa imeshafika.

Kwa hiyo kupungua kwa barua ni sehemu tu ya tatizo. Simu ilichukua salamu, na M-Pesa, iliyoingia nchini mwaka 2008, ikachukua fedha za kutumiana. Vifurushi navyo vilichukuliwa na mabasi, tena bila teknolojia yoyote mpya. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetuma vipuri Tunduma huandika jina na namba ya simu juu ya boksi, hulipa stendi, na kesho yake mpokeaji hupigiwa simu akachukue mzigo. Hakuna fomu wala foleni. Posta haiwezi kulishinda basi kwenye barabara kuu, na fedha inayotumika kujaribu naiona ni hasara.

Lakini basi huishia stendi. Kutoka hapo hadi kijijini mzigo hauna mwenyewe: mpokeaji hutafuta bodaboda asiyemjua, na ukipotea, mara nyingi risiti ya basi ilishakana dhamana mapema. Kipande hicho cha njia ndicho posta ikipiganie. Mabasi yabebe mifuko kwa mkataba, na posta isimamie mapokezi, ugawaji, sahihi na fidia. Miaka 10 iliyopita mlango usingepatikana. Leo, kufuatia operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na mitaa ina majina. Itasikitisha sana vibao vya anwani hizo vikibaki kuwa pambo.

Kuhusu kaunta za posta niseme kwa ufupi. Nairobi ilifungua kituo cha Huduma, cha huduma za serikali mahali pamoja, katika jengo la Posta Kuu mwaka 2013, na sisi tuna vituo kama hivyo vya Huduma Pamoja. Mwelekeo ni sahihi. Pengo letu ni huduma za fedha. Benki ya Posta ilitengwa mapema miaka ya 1990 na leo ni Benki ya Biashara Tanzania, wakati Poste Italiane huendeshwa kwa sehemu kubwa na akiba na bima zinazouzwa kwenye kaunta zake. Ofisi ya wilaya isiyo na huduma ya fedha haitajilipia umeme kwa kuuza stempu.

Na zipo ofisi ambazo hazitapata faida hata zikiendeshwa vizuri namna gani. Ya kisiwa cha Mafia ni mfano. Serikali ikizitaka, na naamini inapaswa kuzitaka, gharama yake iandikwe wazi kwenye bajeti badala ya kuliachia shirika liibebe kimyakimya kisha lilaumiwe kwa hasara.

Kwa ugawaji wa hadi mlangoni, napendekeza jaribio la mwaka mmoja lianzie Ukerewe, ambako mzigo huvuka ziwa kutoka Mwanza. Waajiriwe bodaboda wa visiwani kwa mkataba, wenye sare na dhamana. Kipimo kiwe kimoja: saa zinazopita tangu mzigo ushuke bandari ya Nansio hadi mpokeaji atie sahihi nyumbani kwake.