Kibago cha Mabaki

 

Kila Ramadhani mafundi cherehani hushona nguo za Idi mpaka usiku, na chini ya cherehani hubaki rundo la vipande. Huko kwenye magodauni ya Shimanzi nako kuna paleti zilizokwisha kazi. Vingi huishia kuchomwa. Mimi nasema humo mna kiti, lakini si kila ubao wa kuingizwa nyumbani.

Paleti ya mizigo ya ng'ambo hupigwa muhuri wenye suke la ngano. Tazama herufi zake. HT maana yake mbao zilitiwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, wadudu wafe. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromaidi, nayo ni sumu. Hiyo iache hata ukipewa bure, wala usiifanye kuni. Yenye madoa ya mafuta au isiyo na muhuri iache vilevile, hujui ilibeba nini. Na muulize mwenyewe kwanza. Kitu kuwa nje ya geti si kusema kimetupwa.

Haya, kiti. Ng'oa misumari yote ndipo upige randa, la sivyo utaharibu randa ya watu! Toboa kwa keekee kabla ya kupigilia, maana mbao hizi nyembamba hupasuka ncha. Fremu ikisimama, usikimbilie sponji. Chana vitambaa virefu, visokote, usuke kama kile kitanda cha kamba cha bibi zetu. Leso kuukuu inashika, pamba ile. Tisheti inavutika, baada ya mwezi mgeni wako atakuwa amekaa shimoni. Vipande vidogo visivyosokoteka jazia takia, ila uvikatekate sana visifanye mabonge.

Wako wanaosema hii kazi ya maskini. Mbona Lamu mbao za jahazi kuukuu zinafanywa meza, na wageni wananunua?

Ukiuza, mwambie mnunuzi wazi kuwa ni mbao za paleti, mwoneshe na tundu za misumari. Kuziba kwa vumbi la mbao na gundi ni sawa. Lakini ukipaka vanishi nzito ukamwambia ni mvule, hiyo ni ghushi, na hukumu yake tumeisoma sote madrasa.

Vibago viwili viko hapo mlangoni. Baada ya tarawehe njooni mkalie mjaribu, na mnene asiogope.