Sikio ni Amana: Tujifunze Linavyosikia na Linavyotusimamisha

(Maelezo ya darsa iliyotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetuumba kwa umbo lililo bora na akatuneemesha kwa neema zisizo na idadi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyeufuata uongofu wake mpaka siku ya mwisho.

Ama baada ya hayo. 

Mada yetu ni kiungo ambacho kila mmoja wetu anacho, tunakipangusa katika kila udhu, na wengi wetu hatujui kilichomo ndani yake. Katika Sura An-Nahl, aya ya 78, Mola wetu anatukumbusha kuwa tulizaliwa bila ya elimu yoyote, naye akatupa njia za kuipata. Na ya kwanza kutajwa katika njia hizo ni kusikia. Katika Sura Al-Israa, aya ya 36, tunaonywa kwamba usikivu wetu utaulizwa. Kisha aya ya 37 inayofuata inatukataza kutembea kwa majivuno. Naye Luqman, katika aya ya 19 ya sura yenye jina lake, anamuusia mwanawe mambo mawili kwa pamoja: awe na mwendo wa kadiri, na ateremshe sauti yake.

Hatusemi kwamba aya hizi zilishuka ili kufundisha utabibu. Qur'ani ni kitabu cha uongofu. Lakini mwenye kuzingatia hawezi kupita bila ya kuona kwamba mwendo na sauti vimetajwa pahala pamoja, na kwamba waliochunguza mwili wa mwanadamu wamekuta kiungo cha kusikia na kiungo cha kutusimamisha vikikaa jirani, ndani ya mfupa mmoja, na kutumia mshipa mmoja wa fahamu wenye matawi mawili kupeleka habari zake kwenye ubongo.

SAFARI YA SAUTI

Sauti ni mtetemo wa hewa. Mwadhini anapoita, hewa hutetemeka mpaka ikafika kwenye pindo la sikio tunaloliona, nalo huielekeza tunduni. Tundu hilo lina urefu wa sentimita 2.5 hivi kwa mtu mzima, na ndani yake hutengenezwa nta inayonasa vumbi na wadudu. Mwishoni mwa tundu pana kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa mithili ya ngozi ya ngoma.

Nyuma ya kiwambo ni sikio la kati, chumba kidogo chenye hewa. Humo mna vifupa vitatu vilivyoshikana, ambavyo wataalamu wameviita kwa maumbo yake: nyundo, fuawe na kikuku cha kupandia farasi. Hicho kikuku kina urefu wa milimita 3 tu, nacho ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Kiwambo kikitetemeka, nyundo huisukuma fuawe, fuawe hukisukuma kikuku, na kikuku hugonga kidirisha kidogo cha sikio la ndani. Kwa kuwa kiwambo ni kikubwa kuliko kidirisha hicho kwa mara 17 au zaidi, nguvu iliyotawanyika juu ya eneo kubwa hukusanywa katika eneo dogo. Lau si hivyo, sehemu kubwa ya sauti ingegonga maji ya ndani na kurudi ilikotoka, kama mtu aliyezama anavyoshindwa kuwasikia walio ufukweni.

Chumba hiki kinaungana na koo kwa mrija mwembamba unaofunguka tunapomeza mate. Kwa watoto mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa watu wazima. Ndiyo maana mafua ya mtoto huwa mepesi kugeuka ugonjwa wa sikio.

Sikio la ndani lina bomba lililojiviringa mara mbili na nusu kama nyumba ya konokono, limejaa maji, nalo huitwa koklea. Ndani yake zimepangwa seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Sauti nyembamba huamsha seli za mwanzo wa bomba, na sauti nzito huamsha zilizo kileleni. Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha namna wimbi linavyopita humo. Seli hizi zikishakufa kwa mwanadamu hazioti tena. Neno hili tulishike, kwani tutalirudia.

MIZANI ILIYOMO NDANI

Kando ya koklea mna mifereji mitatu ya nusu duara, iliyokaa kila mmoja kwa upande wake, kama kuta mbili na sakafu zinavyokutana kwenye pembe ya chumba. Kichwa kikigeuka, maji ya mifereji huchelewa kidogo kukifuata, vinyweleo vikapinda, na ubongo ukajua tumegeukia wapi. Chini ya mifereji mna vijifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa zilizolala juu ya utando laini. Hizo hutupa habari ya juu na chini, na ya mwendo wa kwenda mbele au kusimama.

Tuitazame swala. Tunapoinama kurukuu, tunapoteremka kusujudu na tunaponyanyuka, mifereji ya wima na vijifuko vile vinafanya kazi. Tunapotoa salamu kulia na kushoto, mfereji uliolala ndio unaoshuhudia. Macho na viungo vya miguu husaidia, lakini aliyeharibika mizani hii hupepesuka hata katika rakaa moja.

Robert Bárány, tabibu wa Vienna, aliona kwamba mgonjwa akioshwa sikio kwa maji ya baridi au ya moto kupita kiasi hushikwa na kizunguzungu na macho yakachezacheza. Kutokana na hilo aliweka njia ya kuipima mizani ya sikio, akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Lakini kabla yake kwa karne nyingi, Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013 hivi, alikwishaandika katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kutoa vitu vilivyonasa sikioni. Wazee wetu hao hawakuona kwamba kusoma mwili ni kazi ya wasio Waislamu.

ELIMU HII INATUTAKA TUFANYE NINI?

Kwanza, tuache kuwapiga watoto makofi ya sikio. Sisi walimu wa madrasa ndio wa kwanza kuambiwa neno hili. Kofi la sikio huibana hewa tunduni ghafla na huweza kupasua kiwambo. Tundu dogo huweza kuziba lenyewe baada ya wiki kadhaa, lakini pigo kali likifika sikio la ndani huua zile seli zisizoota tena. Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, na hadithi hiyo imo katika Sahihi mbili. Nao wanazuoni wa fiq'hi wameweka diya kamili, sawa na diya ya nafsi, kwa aliyeondoa usikivu wa mtu, na nusu yake kwa sikio moja. Basi yule mwalimu anayemzaba mtoto kofi kwa kukosea herufi, je, anajua thamani ya alichokiweka hatarini?

Pili, tusimhukumu mtoto kabla ya kumchunguza. Yuko mtoto anayeitwa mkaidi kwa sababu haitiki, na anayeitwa mzito kwa sababu hatofautishi siin na thaa. Sauti za herufi hizo ni nyembamba na dhaifu, nazo ni miongoni mwa zinazotangulia kupotea usikivu unapopungua. Huyo akalishwe mbele, aitwe kutoka nyuma yake kwa sauti ya kawaida kuona kama anasikia, na mzazi wake aambiwe ampeleke kupimwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Kumchapa asiyesikia kwa kutosikia ni dhulma, hata kama fimbo imeshikwa na mkono wenye msahafu.

Tatu, sikio linalotoka usaha si jambo la kungojea likome lenyewe. Tusitie mafuta ya moto wala maji ya majani, wala tusichokonoe kwa unyoya wa kuku au njiti ya kiberiti. Mgonjwa apelekwe kwa tabibu. Na udhu usiwe kisingizio cha kumwaga maji tunduni, kwani tumetakiwa kupangusa masikio, na unyevu wa vidole unatosha.

Nne, kizunguzungu kisikabidhiwe waganga. Hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani imethibitisha. Tunachokikataa ni kumwambia mama mzee aliyeona nyumba ikizunguka alipogeuka kitandani kwamba amekaliwa na pepo, kisha akauziwa hirizi na kuingizwa katika shirki. Mara nyingi hizo ni zile chembe za chokaa, zimetoka kwenye kijifuko chake na kuingia mferejini. Tabibu anayejua humgeuza kichwa kwa mpangilio maalumu wa dakika chache, na chembe zikarudi mahala pake. Mpaka apone, dini imempa wepesi: Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Imran bin Huswayn kuswali kwa kusimama, asiyeweza kwa kukaa, na asiyeweza hilo kwa ubavu.

Tano, tupunguze vipaza sauti ndani ya misikiti na katika hafla zetu. Wataalamu wanasema sauti ya desibeli 85 ina kikomo cha saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua nusu. Zikifika 100 zimebaki dakika 15 tu. Spika iliyowekwa karibu na safu ya watoto haiongezi mawaidha, inapunguza masikio ya kuyasikilizia.

Sita, viziwi wana haki ya kujua dini yao. Katika fiq'hi, ishara inayofahamika ya asiyesema huchukuliwa kama tamko la ulimi, hata katika mikataba. Ikiwa ishara yake inakubalika katika kuuza na kuoa, vipi isitumike kumfundishia Fat'ha? Tunaziomba kamati za misikiti ziwatafute wanaojua lugha ya alama, na wawepo siku ya Ijumaa.

Ndugu zetu, katika Kiarabu neno udhun, yaani sikio, na neno adhana yametoka katika mzizi mmoja wa herufi tatu. Kila siku tunaitwa mara tano kupitia amana hii. Tumeona ilivyo ndogo, ilivyo ya ajabu, na inavyoharibika kwa kofi moja. Kesho tutaulizwa tuliyoyasikiliza kwa masikio yetu, nasi tunachelea tusije tukaulizwa pia juu ya masikio ya watoto wa watu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie usikivu wetu na uoni wetu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe wenye kusikia neno la haki na kulifuata. Amin.

Wabillahi tawfiiq.