Madoa meupe kwenye meno ya watoto: tuache kusugua, tuangalie maji
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, Mumosho)



Tangu familia zimeanza kurudi hapa Mumosho, neno moja linarudi katika vikao vya bamama: madoa meupe kwenye meno ya watoto. Tuko na watoto waliokulia pande za Goma, wengine wametoka Tanzania, wengine Burundi ao Uganda. Wakifika masomoni, wenzao wanawacheka. Mama anaambiwa hakumfundisha mtoto kupiga mswaki. Basi mtoto anachukua mchanga, majivu, makala ya kusaga ao ndimu, anasugua mpaka ufizi unatoka damu. Doa linabaki palepale, na jino linaanza kuuma kila akinywa maji ya baridi. Ndiyo sababu tunaongea juu yake leo.

Tuanze na kutofautisha, kwa maana madoa hayafanani yote.

Doa la kwanza liko ndani ya jino lenyewe. Linaonekana kama mistari ama mawingu meupe, mara nyingi kwenye meno mengi, kushoto na kuume sawasawa. Hilo linatokana na floridi nyingi. Floridi ni madini yanayokuwa ndani ya maji na udongo. Kidogo inalinda jino. Ikizidi wakati jino lingali linajengwa ndani ya ufizi, ganda lake halikomai vizuri. Meno ya mbele ya ukubwani yanajengwa hasa katika miaka 3 ya kwanza ya mtoto. Kwa hiyo doa tunaloliona kwa mtoto wa miaka 8 linatuambia alikunywa maji gani alipokuwa mdogo sana. Floridi ikizidi zaidi, jino linageuka kahawia na ganda linamenyeka.

Wanachama waliokaa karibu na volkano wanaijua hali hii. Nyiragongo inatoa moshi wenye floridi, na mvua inayopita ndani ya moshi huo inaibeba. Udongo wa lava unameza maji upesi na mito ni michache, kwa hiyo watu wanakinga mvua kwenye mabati. OMS imeweka kipimo kisichozidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji, na pande zile kuna maji yaliyopimwa yakapita hapo. Waliopitia Arusha, chini ya Mlima Meru, nao wameona watu wazima wenye meno ya kahawia. Huko Ngurdoto kuna kituo kinachochuja maji kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, kwani makaa hayo yanashika floridi.

Doa la pili ni lingine kabisa. Liko karibu na ufizi, jeupe kama chokaa, halina mng'ao, na mara nyingi pale uchafu unapojikusanya. Huo ni mwanzo wa jino kutoboka. Hili ndilo la haraka, na habari njema ni kwamba bado linaweza kusimamishwa: kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, na kupunguza bonbon, biskuti na chai ya sukari katikati ya chakula.

Kuna na madoa ya jino moja ao machache tu. Pengine mtoto alianguka akaumia jino la utotoni, ao alikuwa na homa kali wakati jino likijengwa. Pengine pia alichokorwa ufizi akiwa mchanga ili kutoa yale wanayoita meno ya plastiki Tanzania, ebiino Uganda, ibyinyo Rwanda. Bandugu, yale ni mbegu za meno ya kweli. Kuyachokora kunaharibu jino linalokuja na kunaweza kumuua mtoto kwa damu na maambukizo. Mtoto akiharisha ao akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya.

Sasa, tufanye nini nyumbani?

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6. Hata mama akinywa maji yenye floridi nyingi, katika maziwa yake inapita kidogo sana. Baada ya hapo, maji mazuri zaidi ya nyumba yawe ya uji wa mtoto na ya kunywa kwake; mengine yafue nguo. Tujue pia kwamba kuchemsha hakuondoi floridi. Kunaua vijidudu, na tuendelee kuchemsha, lakini floridi inabaki ndani ya sufuria. Magadi ya kulainisha maharagwe yanaweza kubeba floridi nyingi, na chai nzito pia iko nayo: tusiwape watoto wadogo.

Dawa ya meno tusiiache kwa kuogopa. Chini ya miaka 3, tuweke kiasi cha punje ya mchele; toka miaka 3 mpaka 6, kiasi cha punje moja ya pizi. Mzazi aiweke mwenyewe, na mtoto ateme.

Kwa walio na madoa tayari: yakiwa mepesi, jino ni zima, linatafuna vizuri, halihitaji dawa. Yakimsumbua kijana, muganga wa meno anaweza kulainisha ganda kidogo, kuziba doa kwa dawa inayopenya, ao kufunika jino. Kazi hiyo haifanyiki sokoni, wala kwa kimiminika cha chupa isiyo na jina.

Juu ya fuko letu la kusaidiana, kamati imeulizwa kama lilipe usafishaji wa meno. Tunapendekeza hivi: kwanza jino linalouma na lililotoboka, kwa sababu linamnyima mtoto usingizi na masomo. Kwa kijana anayejificha mdomo kwa haya, fuko limkopeshe mzazi, alipe polepole.

Kwa wafadhili, maombi ni mawili. Miswaki na dawa ya meno kwa watoto wadogo. Na munaposaidia kutengeneza chanzo cha maji, floridi ipimwe pamoja na vijidudu kabla robine haijafunguliwa. Macho hayaioni, ulimi hauionji. Ni kipimo tu kinachoijua.

Na walimu tuliokaa nao hapa, tunawaomba muwaambie wanafunzi: mwenzenu mwenye madoa si mchafu. Alikunywa maji aliyopewa pale familia ilipokimbilia.