Ndege wa Majini na Mahali pa Kutaga
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wazee na walimu, Mkwajuni)

Huenda mtu akauliza, "Makarani, watu wa kalamu, wajua nini habari za ndege?" Jibu letu ni kwamba mashamba yawalishayo ninyi ndiyo yatulishayo sisi.

Wazee walisimulia habari za nzige wekundu. Toka mwaka 1930 hata 1944 walienea nchi nyingi za Afrika, nalo bonde la Rukwa, jirani yetu, ni mojawapo la mahali walipoanzia. Korongo na yangeyange ni katika ndege wawalao nzige hao. Hatusemi kwamba ndege peke yao waweza kuwamaliza, la. Twasema tu kwamba mtumishi asiyedai mshahara hafukuzwi.

Basi, ndege hutaka nini? Kwanza hutaka usalama wa mayai yake. Yangeyange na mnandi hujenga kwa makundi juu ya miti iliyosimama majini, ambako mbwa na nguchiro hawafiki kwa urahisi. Bata mwenye kinundu mdomoni hutafuta tundu la mti. Mahali pakiharibika, huhama.

Nalo Ziwa Rukwa halina mto utokao. Maji yake hupanda na kushuka, na matete ya mwaka huu huenda mwakani yakawa pakavu. Kwa sababu hiyo malambo yetu yaweza kuwa kimbilio. Yafaa tufanye hivi:

Kwanza, tuchimbapo lambo, tuache kisiwa kidogo cha udongo katikati, kizungukwe na maji ya kina.

Pili, ukingo mmoja uwe wa mteremko mdogo, ndege wapate kusimama na kula.

Tatu, ng'ombe wanyweshwe upande mmoja. Matete ya upande wa pili yasikatwe wala kuchomwa wakati wa viota.

Nne, mti uliokufa majini usikatwe kuni.

Tano, mzinga wa gogo uliochakaa, ukitobolewa tundu la kumtosha bata na kufungwa mtini karibu na maji, waweza kuwa nyumba yake. Huko Marekani bata wa mitini walikuwa karibu kwisha. Walikatazwa kuwindwa, na tangu miaka ya 1930 wakatundikiwa masanduku ya namna hiyo. Nao wakaongezeka sana.

Mtu atasema, "Mwawaitia kweleakwelea, wale mpunga wetu!" Hofu hiyo ni ya haki, maana hulala katika matete. Walakini hutaga hata katika miti ya miiba mbali na maji, na kuchoma matete yote hakuwamalizi. Tuwaonapo, tumwarifu bwana shamba mapema.

Ninyi walimu, wapelekeni watoto wakahesabu viota kwa mbali, pasipo kugusa. Yai likiibwa ni kitoweo cha mara moja. Likiachwa, ni ndege atakayerudi kutulindia shamba.