Mhadhiri Anayebaki: Udhamini wa Wanafunzi wa Uzamili Wanaotumikia Vijana wa Mijini



Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri kijana wa miaka 28, W. E. B. Du Bois, akachunguze maisha ya watu weusi wa Kata ya Saba, mjini Philadelphia. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata shahada ya uzamivu ya Harvard, mtu mweusi wa kwanza kuipata pale. Chuo kilimpa cheo cha msaidizi katika sosholojia. Hakikumpa darasa la kufundisha wala ofisi, na jina lake hata kwenye orodha ya walimu halikuandikwa. Yeye na mkewe Nina, waliofunga ndoa mwaka huohuo, walihamia chumba kimoja juu ya mkahawa katikati ya kata ile, naye akaanza kugonga milango, dodoso mkononi. Wenyeji hawakumpokea kwa shangwe. Walikwisha kuchoka kuchunguzwa kana kwamba ni viumbe wa ajabu, na mchunguzi kuwa mweusi mwenzao hakukutosha kuwaondolea mashaka.

Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, *The Philadelphia Negro*, kilitoka mwaka 1899. Wengi wetu tunakisomesha kwa ajili ya majedwali na ramani zake. Leo nataka tutazame sehemu mbili ambazo wasomaji huzipita haraka.

Ya kwanza ni ripoti iliyowekwa mwishoni, kuhusu watumishi wa nyumbani. Aliyeiandika ni Isabel Eaton, msomi kijana aliyefadhiliwa na chama cha wahitimu wa vyuo vya wanawake, chama kilichokuwa kikifungua nyumba za huduma katika mitaa ya maskini na kuwaweka wasomi waishi humo. Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda kutumikia vijana, ninayemzungumzia leo, anaweza kumwita Eaton dada yake mkubwa: mwenye ufadhili wa muda mfupi, aliyetumwa mtaani, akifanya kazi chini ya mwamvuli wa wakubwa.

Ya pili imo katika sura ya ubaguzi wa rangi. Du Bois anasimulia habari za kijana mweusi aliyehitimu uhandisi wa mitambo katika chuo hichohicho cha Pennsylvania. Alipata kazi kupitia tangazo, akaifanya kwa saa chache, kisha akafukuzwa ilipogundulika kuwa ni mweusi. Du Bois alipokuwa akiandika, kijana huyo alikuwa mhudumu wa mezani katika klabu ya chuo, akiwapelekea chakula Wazungu waliohitimu pamoja naye.

Kijana yule alikuwa na elimu, vyeti na barua za sifa. Hakuhitaji masomo ya ziada. Hakuhitaji semina ya kujitambua. Alihitaji mtu mwenye kauli ndani ya taasisi asimame aseme, huyu ni wetu, mfungulieni. Hakutokea hata mmoja. Na msomi aliyeyaandika hayo alikuwa naye amefungiwa mlango na walewale. Mwaka 2012, miaka 113 baada ya kitabu kutoka, chuo kilimtunuku Du Bois uprofesa wa heshima. Alikuwa amelala kaburini Accra tangu 1963.

Ninalosema leo ni hili. Udhamini wa mhadhiri kwa mwanafunzi anayekwenda kutumikia vijana una maana pale tu mhadhiri anapoweka mezani vitu viwili ambavyo mwanafunzi hana: miaka yake, na kauli yake ndani ya chuo. Sahihi kwenye fomu ya maombi si udhamini.

Nianze na miaka. Marekani upo mpango wenye jina la daktari Albert Schweitzer, ulioanza mwaka 1940 ili kuisaidia hospitali yake ya Lambaréné, Gabon. Baadaye uligeukia miji ya Marekani yenyewe. Mwanafunzi wa udaktari, uuguzi, sheria au ustawi wa jamii hubuni mradi na kuutumikia kwa muda wa mwaka hivi, saa zisizopungua 200, huku akiendelea na masomo yake. Kila mmoja hupewa walezi wawili, mmoja wa chuoni na mwingine wa mahali anapohudumia. Naupenda mpangilio huo, hasa yule mlezi wa pili, kwa sababu anakubali kwamba mtaani nako kuna watu wanaojua. Lakini tuzipige hesabu saa 200: ni kama saa nne kwa juma. Kijana wa miaka 13 anayesaidiwa kusoma, au kuishi na pumu, au kupita salama kati ya magenge mawili akienda shule, atakuwa na miaka 14 mwanafunzi anayemsaidia akivaa joho la mahafali na kuondoka. Mwanafunzi ana haki ya kuondoka. Aliyekuja chuoni kusoma hakuja kukaa milele. Katika mpango mzima mwenye ajira ya miaka 20 au 30 ni mhadhiri, naye ndiye tumezoea kumpa jukumu jepesi kuliko wote.

Nimewahi kusimama katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, jijini Dar es Salaam, akanifungulia kabati la chuma. Ndani mlikuwa na fulana za miradi, mabango yaliyokunjwa, daftari za mahudhurio zilizojazwa kurasa tatu za mwanzo, na vipeperushi vya unawaji mikono vyenye nembo za vyuo mbalimbali. Mwalimu hakulalamika. Aliniambia tu, kwa upole kabisa, "Hao wote walikuwa vijana wazuri, profesa. Shida ni kwamba wakishaondoka sijui nimpigie nani." Katika karatasi zote zile hamkuwa na namba ya simu ya mhadhiri hata mmoja.

Sasa turudi Philadelphia, maana mji uleule uliomfungia Du Bois mlango umetupa pia mfano wa kuigwa. Katika miaka ya 1960 Chuo cha Pennsylvania na taasisi jirani zake vilishiriki kubomoa mtaa wa watu weusi ulioitwa Black Bottom, kwa jina la kuendeleza mji, na maelfu ya watu wakahamishwa. Chuo kilikuwa na deni, na wenyeji walilikumbuka. Mwaka 1985 wanahistoria Lee Benson na Ira Harkavy, pamoja na rais wa chuo Sheldon Hackney, waliendesha semina iliyowataka wanafunzi watafute jinsi chuo kinavyoweza kushughulika na matatizo ya jirani yake. Likazuka wazo la kikosi cha vijana wa magharibi mwa jiji, wapewe kazi za kutengeneza mtaa wao. Tarehe 13 Mei mwaka huohuo polisi waliangusha bomu juu ya nyumba ya kundi la wanaharakati weusi liitwalo MOVE, huko magharibi mwa jiji. Watu 11 walikufa, watano kati yao watoto, na nyumba 61 ziliteketea. Kikosi kile kilianza kazi miezi hiyohiyo, katika shule ya msingi ya Bryant, si mbali na majivu yale.

Mradi wa mwanafunzi ungeishia hapo, na picha nzuri za likizo. Huu haukuishia hapo kwa sababu wahadhiri walibaki. Mwaka 1992 chuo kiliunda kituo maalumu cha ushirikiano na jamii, Harkavy akakiongoza. Francis Johnston, mwanaanthropolojia aliyekwisha kujijengea jina katika utafiti wa ukuaji wa binadamu, alilibadilisha somo lake la lishe likafanywa pamoja na watoto wa shule ya Turner. Wanafunzi wa chuo na watoto walichunguza kwa pamoja kinacholiwa mtaani. Kazi hiyo ikakua, ikazaa mpango wa lishe katika shule kadhaa, hadi watoto wenyewe wakaendesha magenge ya matunda baada ya masomo. Johnston hakuacha utafiti ili akafanye hisani. Aliupeleka utafiti wake mahali unapohitajika, na kila kundi jipya la wanafunzi lilikuta kumbukumbu za waliotangulia na watoto wanaomjua mwalimu wao.

Wahadhiri wenzangu wataniambia, na wana haki, kwamba mzigo umezidi. Tunasimamia tasnifu nyingi mno, na kanuni za kupanda cheo zinahesabu makala, hazihesabu Jumamosi zilizopita katika shule ya kata. Nakubali. Ndiyo maana siombi moyo wa kujitolea, kwa kuwa moyo wa kujitolea ndio uliolijaza lile kabati. Naomba kanuni.

Wiki ijayo nitapeleka Seneti pendekezo la kurasa chache. Linasema udhamini ufungwe kwa shule, usifungwe kwa mwanafunzi: mhadhiri adhamini shule moja kwa miaka mitano, na wanafunzi wa uzamili wapokezane chini yake, anayeondoka akikaa na anayeingia kwa muhula mzima. Linasema saa za udhamini ziingie kwenye mgawo wa kazi wa mhadhiri, na ripoti ya shule iwe sehemu ya jalada lake la kupanda cheo. Na kuhusu kauli, linasema vijana waliopita katika mpango wapate kutumia maktaba yetu, wakitambulishwa na mdhamini kwa majina, na kwamba mhadhiri ndiye atakayekwenda kuwaombea mafunzo ya kazi karakana kwa karakana. Barua ya profesa hufika mahali ambapo barua ya mwanafunzi hairuhusiwi kupita getini.

Kifungu cha mwisho kilipendekezwa na walimu wa shule za msingi na sekondari walioketi safu ile ya mbele, nami nimekiacha kama walivyokisema: mkuu wa shule awe na haki ya kumkataa mwanafunzi, mradi, au mhadhiri mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili, na kukataa huko kusiipunguzie shule chochote ilichoahidiwa.